Namba Iliyommeza Mama

Odette aliingia ofisini na donati mdomoni, theluji mabegani. "Leo mie malkia, dada! Orodha yangu tupu."

Sikucheka. Sisi hapa mjini Thunder Bay tunapeleka mitungi ya oksijeni majumbani. Namba ya mgonjwa inagawanywa kwa mbili: ikibaki sifuri, gari la Reijo, ikibaki moja, gari la Odette. Mama yangu ni wa Odette, mtungi wake unaisha mchana, na simu hapokei.

"Tulia, Ritva," alisema Garth, fundi wetu wa kompyuta, aliyehamishia wateja kwenye hifadhidata mpya Jumapili. "Hesabu ya baki haikosei."

"Hesabu ya namba zipi? Fungua nione!"

Nakaa, nasimama, nakaa tena. Akafungua. Namba ya mama inaishia 219. Pale imeandikwa 220. Safu ile Garth kaipa aina ya desimali fupi, ambayo namba zikishavuka milioni kumi na sita na ushei, kama zetu zote, haishiki tena kila moja. Inakadiria hadi shufwa iliyo karibu. Witiri wote wamemezwa. Baki moja itoke wapi?

"Desimali kwa namba ya mtu, Garth? Kuna mtu na nusu?"

"Niliogopa nafasi isije ikajaa..."

"Uliogopa! Mimi sasa nifanyeje?"

Mwenye 220 ya kweli ni Hilja, jirani wa mama. Waliandikishwa siku moja, kisha wakanuniana kwa ajili ya koleo la theluji. Anwani hutafutwa kwa namba; nikampigia Reijo, kumbe keshashusha mitungi yote miwili kwa Hilja. Na Hilja ninavyomjua, abishe hodi kwa mama? Thubutu! Nikamsukuma Odette mlangoni akimbilie kwa mama, donati ikaanguka.

Baadaye akapiga simu. "Dada, mlango uko wazi. Mama hayupo."

Nikaanza kuvaa koti.

"Ngoja. Kuna nyayo zinaelekea kwa jirani."

Kisha nikasikia sauti ya mama, ikihema lakini kali vilevile. "Huyu mkorofi kaja kunigongea. Eti mtu mmoja mitungi miwili ya nini! Kanikokota hadi kwake. Koleo bado sijamsamehe."

Nililia pale pale, mbele ya Garth, wala sikuona haya.

"Acha kulia, mwanangu. Mimi wangu ulikuwa hapa jirani. Hao wenzangu, mitungi yao iko kwa nani?"

Garth alikuwa ameshika kichwa. Kwenye simu nikasikia injini inawaka.

"Nisomee majina, dada," alisema Odette. "Anza na wa mbali."