Vyura Waliovuka Lengo

Philbert Kalinga hakuwa mwongo. Alikuwa katibu wa kijiji, na hayo ni mambo mawili tofauti, msimwonee. Tangu apewe ukatibu pale Kihulula, kijiji ambacho watu walihamishiwa mwaka wa sabini na nne, hakuna ripoti iliyotoka mkononi mwake bila kuvuka lengo. Mahindi yalivuka lengo. Pareto ilivuka lengo. Vyoo navyo vilivuka lengo, ingawa nusu ya kijiji bado ilikuwa inakimbilia kwenye mahindi. Safari moja alipitiwa, akaandika kwamba hata wagonjwa wa surua wamevuka lengo, na akajibiwa kwa barua ya pongezi.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Katibu aliyemtangulia aliandika ukweli mara moja tu, magunia arobaini badala ya mia mbili, akasimamishwa mkutanoni mbele za watu kama mwizi wa kuku. Siku hiyo Philbert alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliona kwa macho yake, akaelewa.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka sabini na sita akaja Bi Tusajigwe, bibie wa ofisi ya wanyama kutoka Mbeya, amevaa mabuti ya mpira na daftari kwapani. Alikuja kwa ajili ya chura. Juu ya kijiji, ndani ya msitu, kuna maporomoko ya maji, na kwenye mawe yanayolowana na manyunyu saa zote anaishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hazidi ukucha wa dole gumba. Bibie alisema hajaonekana mahali pengine popote.

"Analiwa?" akauliza Mzee Ambrosi, mwenyekiti wa kijiji.

"Haliwi, mzee."

"Basi serikali inamtakia nini?"

Watu wakacheka. Bi Tusajigwe akasubiri wamalize, kisha akawaeleza kama anayeeleza watoto wa darasa la kwanza. Kuna watu wa mbao wameomba kuukata msitu ule. Vyura wakiwa wachache, msitu unafungwa, haukatwi hata mti mmoja. Wakiwa wengi, yeye hana la kusema. "Kwa hiyo ninakuachia fomu, Ndugu Katibu, kama ninavyoziacha vijiji vingine ili kuhakikisha. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miezi mitatu, unapanda unahesabu. Kisha unaniletea Mbeya kwa posta."

Aliyesikiliza kuliko wote ni Evarista, mke wa Philbert. Kinyungu chake, ile bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, kilikuwa kinanyweshwa na kijito kinachotoka msituni humo. Wenzake wakitafuna maharage makavu, yeye alikuwa na mahindi mabichi na mboga ya kugawia jirani.

"Baba Matilda," alimwambia mumewe walipofika nyumbani, "msitu ukikatwa kijito kinakauka, na watoto wanalala na njaa. Nakuomba, hesabu vizuri."

Na kweli alihesabu vizuri! Hapo tumpe haki yake. Jumamosi kumi na mbili alipanda, akapiga magoti kwenye mawe, akalowa mpaka kwenye mifupa. Kila akirudia kuhesabu, kumi na mmoja. Alianza kuwatambua. Mmoja mnene mwenye doa mgongoni alimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu hakuwa anatoka juu ya jiwe lake hata afukuzwe. Philbert aliwapenda, ila hilo hakumwambia mtu.

Ikafika siku ya kujaza fomu. Akaketi ofisini, akaandika 11. Akaitazama. Kijiji cha kaya mia tatu, chenye mwenyekiti na muhuri wake, vyura kumi na mmoja! Jasho likamtoka. Akamkumbuka yule katibu wa zamani alivyosimama pale mbele ameshika kofia. Haki ya Mungu, mkono ulikwenda wenyewe: ukaongeza sifuri tatu. Penye nafasi ya maoni akaandika, "Kijiji kimevuka lengo kwa asilimia mia moja na arobaini." Lengo gani? Hakuna aliyewahi kupanga lengo la vyura tangu dunia iumbwe.

Mzee Ambrosi alitia sahihi kwanza, akasoma baadaye, akafurahi sana. "Na wenzetu wa kijiji cha Ilula je? Tumewapita?"

"Mbali, mzee."

Majibu yalikuja mwezi wa nane, barua mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya pongezi. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa vyura si haba, watu wa mbao wanaruhusiwa kuanza kazi mwezi wa kumi. Philbert aliwasomea watu zote mbili.

Evarista hakupiga kelele. Alimngoja nyumbani.

"Uliandika ngapi?"

"Elfu kumi na moja."

"Umeniuza kwa sifuri tatu, Philbert."

Tangu wafunge ndoa hakuwahi kumwita kwa jina. Maneno hayo yalimchoma Philbert kuliko matusi. Kesho yake alfajiri akapanda basi la Mbeya, muhuri wa kijiji mfukoni.

Ofisi ya Bi Tusajigwe ilikuwa upande wa Iyunga. Kwenye benchi la nje alimkuta mtu mrefu ameketi, Masunga Ngolo, mfugaji kutoka Rujewa aliyekuwa naye katibu wa kijiji chake. Aliitwa ajieleze kwa nini ameandika kwamba kijiji kizima kina ng'ombe sita.

"Ng'ombe ukiwataja wanapunguzwa," Masunga alimnong'oneza. "Lakini kwenye vyura nilijitahidi, ndugu yangu. Niliwapa elfu sita. Chura nani atampunguza?"

"Kumbe na kwenu kuna msitu?"

"Msitu wapi! Sisi ni mpunga mtupu."

Philbert akaingia, akakiri yote bila kuketi. Bi Tusajigwe akafungua faili, akamwonyesha fomu za vijiji kumi na viwili. Chura asiyepatikana popote duniani alikuwa amejaa mpaka kwenye mashamba ya mpunga.

"Nilijua ni chuku," alisema. "Lakini zote zina mihuri, na macho yangu hayana muhuri. Nataka barua ya kijiji chako inayosema ile ya kwanza ni uongo. Ila watakuuliza, Ndugu Katibu. Kama ulidanganya vyura, mahindi je?"

Loo! Kihulula ilikuwa inangojea lori, zawadi ya mahindi yale ya kwenye karatasi. Philbert aliogopa, na tusimcheke. Kisha akapiga moyo konde, akachukua kalamu. Vyura, kumi na mmoja. Mahindi, magunia sitini na mawili.

"Na vyoo?"

"Bibie, vyoo tuviache."

"Vyoo."

"Tisa," akasema, na akagonga muhuri.

Msitu ulifungwa. Barua ilisema chura yule yuko hatarini kutoweka na mti usiguswe. Lori likaenda kijiji kingine, na unga wa Philbert ukamwagika. Alisimamishwa mkutanoni, kofia mkononi, huku Mzee Ambrosi akipiga meza. "Lori zima! Kwa chura asiyeliwa!" Mstari wa mbele alikuwa amekaa Saulo, katibu mpya. Aliona kwa macho yake.

Kiangazi kilichofuata kijito kilikuwa kinatiririka, na Evarista alikuwa anamwita tena Baba Matilda. Jumamosi moja Philbert alipanda maporomokoni, akahesabu mara tatu. Tisa. Mwenyekiti alikuwepo juu ya jiwe lake, lakini wawili hawakuonekana. Alishuka moyo ukimuuma, akapitia ofisini.

Saulo alikuwa anajaza fomu ya vyura. Hakuwa amewahi kukanyaga msituni. Penye idadi ameandika 2, na chini yake: "Kijiji kimevuka lengo la uchache."

"Si ndiyo wanachotaka?" Saulo alijitetea. "Wachache."

"Wako tisa."

"Kaka, tisa watasema wameongezeka. Wakija kuniuliza?"

Paji la uso la Saulo lilikuwa limelowa. Philbert alilijua jasho hilo vizuri. Akavuta benchi, akaketi mkabala naye, nguo zikichuruzika maji sakafuni.

"Futa. Andika tisa," akasema. "Wakija kukuuliza, nitakuja kusimama na wewe."

Hakuondoka mpaka wino ulipokauka.