Uso wa Shemeji

Watu walimwita Mchokozi, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa. Kwa miaka kumi na minane alichora na kuandika vitabu vya katuni vilivyowanyima wakubwa usingizi. Viwili vilipigwa marufuku, kimoja kilichomwa moto hadharani, naye alilala rumande mara tatu. Kila akitoka, wasomaji walizidi. Binadamu na kilichokatazwa, unawajua.

Wasomaji hao walikuwa na mchezo wao: kitabu kikitoka, wanakaa kuulizana fulani ni nani. Jaji mwenye kidevu cha mbuzi walimtambua. Mkuu wa magereza mwenye kucha ndefu walimtambua. Mchokozi akiulizwa, alicheka na kujibu, "Mimi sichori mtu asiyekuwepo." Maneno hayo aliyapenda mno. Laiti angeyameza.

Maana ukweli ni kwamba hakuweza kubuni sura. Hadithi zilimjia zenyewe, lakini uso ilikuwa lazima auazime. Kitabu cha mwisho kilikuwa na mchongezi anayewauza majirani zake kwa polisi, na safari hii Mchokozi hakumlenga mtu yeyote. Alihitaji sura tu. Upande wa pili wa meza alikaa shemeji yake, fundi cherehani, mume wa dada yake mkubwa, akipuliza chai.

"Shemeji, tulia hivyo hivyo. Nakuchora."

"Haya, ila masikio nipunguzie," fundi alisema. "Wateja watanicheka."

Hakuyapunguza. Katika kitabu kizima alimchora mara arobaini na mbili, jicho likichungulia pembeni, mdomo umekunjwa kama wa mtu anayetunza siri. Kisha akapeleka kazi kwa mchapaji, akalala usingizi wake wote.

Wiki ya pili baada ya kitabu kutoka, vijana ambao ndugu zao walikuwa wamekamatwa waliingia kibandani kwa fundi, kitabu mkononi. Muuza vifungo wa jirani ndiye aliyesimulia baadaye. Walilinganisha ukurasa na mtu, wakauliza kama ndiye. Fundi, masikini, alidhani ni mashabiki. Akajinyoosha shati, akasema kwa fahari, "Ndiyo, ni mimi huyo." Walimpiga kwa pasi yake mwenyewe. Alifariki siku ya tatu.

Asubuhi ya maziko dada alikuja chumbani kwa Mchokozi. Hakulia, wala hakumlaumu. Heri angemtukana.

"Mdogo wangu," alisema, "picha zake zote amefumba macho. Unamjua, kamera ilikuwa inamshinda. Nichoree moja amefumbua, niiweke juu ya jeneza. Wewe ndiye uliyemtazama sana."

Akaketi kwenye kiti kile kile cha marehemu, akasubiri.

Mchokozi alichonga penseli. Masikio yalikuja vizuri, pua ikaja, hata kovu dogo la sindano kidoleni alilikumbuka. Alipofika machoni, jicho likachungulia pembeni. Akafuta. Akachora tena, likachungulia tena. Alijaribu kumkumbuka shemeji akicheka, akipima kitambaa, akimbeba dada siku ya harusi, na kila mara mkono ulirudi kwenye njia uliyoizoea mara arobaini na mbili. Karatasi ya tano ilitoboka kwa kufutwa. Akaanza ya sita.

Dada aliinuka, akaivuta ya sita kutoka chini ya kiganja chake. Aliitazama.

"Huyu ni yule wa kitabuni," alisema. "Mume wangu umempeleka wapi?"

Mchokozi, aliyewajibu majaji na mapolisi, alishika tena kifutio. Dada aliirudisha karatasi mezani taratibu. Akatoa kwenye mkoba picha ndogo ya marehemu aliyefumba macho, akaipangusa kwa kanga, akatoka nayo kwenda kuzika.