Miche ya Kilimani

Mwanamvua alikuwa hajaona mtu akilipia upepo, ndiyo maana alimshuku Bwana Adamu tangu siku ya kwanza. Bwana huyo alitoka Dar es Salaam na viatu vinavyomeremeta, akasimama juu ya kilima cha Mwanamvua pale Kibuta, akavuta pumzi, akasema anataka kukipanga ajenge nyumba ya watalii.

"Ndio nani hao?"

"Wazungu wanaotembea tu, mama. Wanashuka melini, joto la mjini linawashinda. Wakipata pa kupumzikia, nchi nzima itaneemeka. Kilima hiki si cha mihogo tena."

Kilima kile Mwanamvua aliachiwa na mama yake. Mdogo wake Kibwana aliachiwa bonde la mpunga. Mwanamvua hakuwa na kingine duniani. Akakubali kupangisha, ila mbele ya jumbe aliweka sharti: jenga utakavyo, lakini usipande mti. Huku kwao aliyepanda mnazi hang'oki. Akisema ardhi ni yake, mnazi unamtolea ushahidi. Bwana Adamu akacheka, akakubali. Kicheko kile ndicho kilichomkosesha Mwanamvua raha.

Ikawa kila kukicha yuko kilimani, anachungulia. Kibwana, aliyekuwa akila kwake tangu aachane na mkewe, akamtania: "Dada, mgeni wa watu utammaliza kwa macho!"

Asubuhi moja akakuta miche ya minazi imepangwa kandokando ya kiwanja, udongo wake bado mbichi. Hasira zikampanda. Akamwita jumbe, watu wakajaa, akamtukana Bwana Adamu mpaka sauti ikamkauka.

Safari hii Bwana Adamu hakucheka. "Mama, mimi mzaliwa wa Mzenga. Mnazi najua maana yake. Sikupanda."

"Mwongo mkubwa!"

Akainama kuung'oa mche wa kwanza, mkono ukasita. Nazi yake ilikuwa ya rangi ya chungwa, mbegu ya kitamli, mnazi mfupi, aliyoachiwa na mama yake, kama zile alizozilaza uani penye maji ya kuogea ili zichipue. Uani kwake haingii mgeni. Akageuka taratibu. Kibwana alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Kilima kimepata bei, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi mtoto wa mama."

Mwanamvua aliumia, akaona na haya. Muda wote ule alilinda njia ya mjini, kumbe mwizi alikuwa akila wali wake.

Akaung'oa mche, akaukung'uta udongo. Kisha, watu wakidhani atautupa, akaurudisha shimoni kwa mkono wake mwenyewe, akaushindilia. Akafanya hivyo mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Jumbe, umeona nani kapanda?"

"Nimekuona wewe."

"Haya." Akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama mdogo wake. "Kibwana, kateke maji. Miche yangu ina kiu."