Sekunde Moja ya Baba Mwalimu

Mama Mwalimu alirudi shule akiwa na wajukuu na cherehani mbili. Watu walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba amechoka kushona sare za watu wengine. Mwalimu mwenyewe, binti yake wa kwanza, alifundisha fizikia, kwa hiyo kila Jumamosi alikuja na kitabu, wakakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Jiwe limeachiwa kutoka juu ya ghorofa," binti alisoma. "Tafuta muda litakaochukua kufika chini."

"Nani kaliachia?"

"Haijalishi, mama."

"Na chini yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Ghorofa zima, chini hakuna mtu. Mji gani huo?"

Kitabu kilisema pia hewa ipuuzwe. Mama Mwalimu aliipuuza, ingawa aliona ni kukosa shukrani.

Penye nia pana njia. Taratibu kanuni ikamwingia: umbali ni nusu ya mchapuko, mara muda, mara muda tena. Akawa anaangusha kila kitu kwa penseli: matofali, vyungu vya maua, tangi la maji la jirani. Vitu vilipomwishia, akamkumbuka mumewe.

Baba Mwalimu alikuwa fundi rangi. Zamani alianguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, akavunjika nyonga, akapona akichechemea. Tangu hapo hakuna mgeni aliyeondoka bila kusimuliwa. Alipokuwa akishuka, alisema, aliisoma sala yote, akawaona watoto wake mmoja mmoja, akamsamehe shemeji yake, kisha akaiona sura ya mkewe siku ya harusi. Wageni walitikisa vichwa. Hadithi ikifika kwenye harusi, Mama Mwalimu aliinamia sindano asionekane anavyotabasamu.

"Baba Mwalimu, lile jukwaa lilikuwa na urefu gani?"

"Mita tano. Msimamizi alipima nikiwa bado nimelala pale."

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena.

"Sekunde moja."

"Nini sekunde moja?"

"Kuanguka kwako. Sala yote sekunde moja?"

"Niliisoma haraka."

"Na watoto wote?"

Mzee alimgeukia binti yake kama mshtakiwa anavyomgeukia wakili. Mwalimu akaikagua hesabu.

"Iko sahihi, baba. Pole."

Kuanzia hapo mzee akafunga mdomo. Mgeni akimuuliza habari za mguu, alijibu, "Niliteleza," akaomba chumvi. Mama Mwalimu alipewa alama zote za zoezi lile, wala hazikumfurahisha. Sura yake ya harusi alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe. Alitamani kuomba radhi, lakini hakujua mtu huombaje radhi kwa jibu sahihi.

Jumamosi moja swali lilihusu tofali na kalamu, vilivyoachiwa pamoja kutoka juu. Kipi kitatangulia?

"Tofali," alisema.

"Vinafika pamoja, mama."

"Mwanangu, mimi nimekubeba. Uzito naujua."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha dirishani.

"Vinafika pamoja."

"Umejuaje?" Mama Mwalimu aliuliza.

"Niliviona. Ndoo ya rangi ilikuwa kushoto kwangu, brashi kulia. Ndoo haikunipita, brashi haikubaki nyuma. Tulishuka watatu sambamba kama ndugu. Nilikuwa naitazama brashi, nashangaa. Nilifika chini bado nashangaa."

"Na sala?"

"Nilisali chini. Watoto niliwaona hospitali, nilipofumbua macho. Mlikuwa mmezunguka kitanda."

Mama Mwalimu alisogeza mkasi mahali ambapo haukuhitajika. "Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umekumbatia chupa ya chai, umelia mpaka kilemba kimekaa upande. Nikasema moyoni, huyu hata siku ya harusi hakuwa hivi. Lakini mgeni gani atakaa kusikiliza habari ya kilemba?"

Mama Mwalimu akaurudisha mkasi mahali pake.

"Na kaka yangu, ulimsamehe lini?"

"Huyo bado."

Mama Mwalimu akaandika kwamba vinafika pamoja. Kitabu kilitaka sababu, akaandika: mume wangu aliviona. Mwalimu akampa nusu ya alama, akamweleza kwamba uzito haumo kwenye kanuni. Nao wazee wawili wakaitazama kanuni pamoja, wakakuta kweli haumo.

Mwezi uliofuata walianza mada ya umeme. Mwalimu alimwomba baba yake akae mbali na swichi.