Wageni wa Shangazi Drande

Majira yale ya baridi, Waitalia walikuwa wameshaikalia Albania yetu muda wa kutosha hata luteni wao, Bassani, akajua kuomba maji na kutisha watu kwa lugha yetu. Amri aliyopewa ilikuwa fupi: nyumba ya shangazi yangu Drande ichomwe, kwa kuwa kaka yake Prenk, yaani baba yangu, yuko milimani anawapiga risasi.

Walifika na dumu la mafuta ya taa, wamelowa hadi soksi. Shangazi akafungua mlango, akachukua bunduki zao moja moja, akazitundika ukutani. Kwetu mgeni hupokewa hivyo. Askari, kwa baridi na kutojua, wakampa tu.

"Mama, tumekuja kuichoma nyumba hii," luteni akasema.

"Nimeliona dumu, mwanangu. Vua viatu, unanichafulia zulia."

Wakavua. Wakala mkate wa mahindi na jibini, wakanywa kahawa. Nyumba ya kuchomwa, nao wamo ndani wanaanika soksi.

"Mvua kubwa," luteni akasema mwishowe, bila kumtazama. "Tutarudi kesho."

"Sawa. Leo nawasindikiza mpaka ng'ambo ya daraja."

"Hakuna haja, mama."

"Haja ni yangu."

Akawarudishia bunduki, akatangulia mbele. Karibu na daraja, sauti ya baba ikatoka kwenye mawe.

"Dada, pisha."

Hakupisha. Alisimama mbele ya luteni, akatanua shela lake.

"Hawa ni wageni wangu mpaka wavuke, Prenk. Ukimpiga mmoja, damu yake nitakudai wewe."

"Kesho watakuchomea nyumba."

"Basi wapige kesho. Leo wana mkate wangu tumboni."

Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasema kidole kilimwasha, lakini alishusha bunduki, akinung'unika kwamba watu wengine wamepewa dada wa kawaida.

Luteni alikuwa ameelewa kila neno. Walipofika katikati ya daraja akafungua dumu, akamimina mafuta yote mtoni.

"Nitasema imeungua. Kesho choma majani mabichi uani, moshi uonekane kambini."

Shangazi akayatazama mafuta yakienda na maji.

"Sasa ndiyo nini hiyo, mwanangu? Taa yangu kavu tangu wiki jana."