Ncha Zinazosubiri Simu

Nikate au nisikate? ananiuliza msusi, na wewe ungemjibu nini, wewe mwenye kichwa cha nywele nzito unazoweza kufungia mzigo, wewe unayechana asubuhi huku unaongea na simu na wala huangalii chanuo limetoka na nini, ungejuaje habari za nywele kama zangu, nyepesi, ukizipumulia vibaya zimekatika... "Dada msomi, si nakuuliza, nikate?" amesimama nyuma yangu, mkasi mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameshika kishungi changu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mkia wa panya, kwenye kioo namwona anatafuna chingamu, anasubiri, na simu yangu iko mapajani, kifudifudi, sauti nimeiweka juu mpaka mwisho, huwa iko juu hata chooni, hata msibani niliiacha hivyohivyo ikalia, kumbe tangazo la kampuni ya simu la kuuza miito, watu wakiwa wanashusha jeneza, shangazi alinikata jicho ambalo mpaka leo sijalitibu, lakini ningeizimaje, je kama ndio wao... "Nipe dakika," namwambia. "Dakika chukua hata kumi, ila nywele zenyewe hazina hizo dakika," anasema, na mwenzake wa kwenye draya anacheka, cheka tu mama, si kichwa chako. Kuna mstari. Ukitazama vizuri kwenye kioo unauona, vidole vitatu kutoka kwenye ngozi ni nywele zangu zenyewe, zimejikunja, zina kiburi chao, halafu mstari, halafu kutoka hapo kwenda chini ni nywele za interview, zimenyooka, zimekufa, zinaning'inia kama watu kwenye foleni ambayo dirisha lake limeshafungwa na hakuna aliyewaambia. "Zinakatikia hapohapo," msusi anatangaza saluni nzima isikie, "za juu zinavuta huku, za chini zinavuta kule, na unywele wenyewe uzi wa buibui, utaacha kukatika? Ukitaka urefu nina wigi hapo kabatini linagonga kiuno, halina stress wala halijui kukatika." Najua, dada, mimi ndiye najua, nimesoma kemia mimi, nipe lipstick yako nikuchoree hapa kwenye kioo vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, na jinsi dawa yako ile nyeupe inavyopenya ndani na kuvivunja kimoja kimoja kama mtu anavyofungua shati, ila shati hili ukishalifungua halifungiki tena, vyote hivyo nilivijibu kwenye mtihani na mwalimu akaandika excellent pembeni kwa wino mwekundu, nilijua, na nikaja mwenyewe kwa miguu yangu, nikakaa kwenye kiti hikihiki, nikainamisha shingo, nikasema nipake.

Mama hakuwahi kuniwekea chanuo kichwani. Jumapili akishamaliza kufua nakaa chini, mabega yangu katikati ya magoti yake, chupa ya kupulizia maji iko pembeni, ananyunyiza, anasugua mafuta viganjani, anaanzia chini, siku zote chini, kwenye ncha, kwa vidole, anasema ncha ndizo nywele zako za zamani, hizi zimetoka kichwani hujaanza hata shule, hawa ni wazee, wasalimie, na mimi na umri wangu ule wa pengo la meno ya mbele nashika ncha ya twisti naivuta mpaka mbele ya macho, shikamoo, na mama anaitikia nyuma ya kichwa changu kwa kisauti cha bibi kizee, marahabaaa mjukuu wangu, mbona wiki hii hukutuletea mafuta, tunacheka mpaka baba anauliza kutoka chumbani humo ndani kuna nini... kila twisti akiimaliza anaikunja, ncha inaingia ndani, isisuguliwe na kola, isiguswe na mto, hivyo ndivyo zilivyorefuka, sikuwahi kuzipaka dawa ya chupa, zilirefuka kwa kuachwa, na chuoni niliendelea mwenyewe, wenzangu wa bwenini wakinicheka, unazificha kama bangi, wakati za kwao zilianza vizuri na kukatikia kwenye mabega ya sweta, zangu nyepesi hizihizi zilifika, ukivuta moja ikiwa imelowa inapita bega, nyepesi lakini ndefu, nani alitegemea, hata mama mwenyewe siku ya mahafali alizishika nyuma ya joho kama anashika kitu cha mtu... "Mdogo wangu, kaa sawa, nikupake mafuta kwenye kingo za nywele, dawa isikuguse ngozi," msusi ameniacha, ameenda kiti cha pili, kuna binti amekaa hapo sijui tangu saa ngapi, shati jeupe la mikono mirefu, "we dada msomi endelea na mkutano wako, nikirudi unipe jibu." Mkutano. Ndiyo, ni mkutano, wajumbe wote ni mimi na tunabishana. Kwa sababu nikikata, je wakipiga kesho? Wakisema njoo Jumatatu, nitaingia na kichwa kipi, sura waliyoiona ni ile, ya nywele zilizolala, waliyoisifia ni ile... Raundi ya kwanza ya interview nilikwenda na kichwa cha mama. Alinisuka tangu mchana mpaka taa zikawashwa, twisti zote akazizungushia kisogoni, hakuna ncha hata moja iliyochungulia nje kumwaibisha mtu, nikapanda lifti ya jengo lile la vioo nikajitazama ukutani nikajisemea leo, leo ndiyo leo. Walikuwa wawili, mama wa miwani na mzee mmoja wa kucheka puani. "Your papers are excellent," mama wa miwani akasema, akageuza karatasi, maabara gani ulifanyia mazoezi, nikajibu, mashine gani unaziweza, nikajibu, akashusha miwani akanitazama, si machoni, juu kidogo ya nyusi, huko ndiko alikosomea maombi yangu yote, "lakini unajua hapa tunapokea wateja, you'll be the face of the lab, we need someone presentable. Njoo Jumatatu, raundi ya pili. Ujitengeneze kidogo." Mzee akacheka puani. Kidogo! Angesema tu nyoa, angesema vaa wigi, angesema hatukutaki, neno dogo kuliko yote ndilo alilochagua na likanimaliza, kwa sababu ni kidogo tu, nani atakataa kazi kwa sababu ya kidogo, na Jumamosi nikaja hapa. "Ikichoma sema," msusi aliniambia, haki ya Mungu aliniambia, hilo namkubalia, na ikachoma, kuanzia kwenye utosi ikashuka nyuma ya masikio, machozi yakatoka, nikanyamaza, nilidhani kuchomwa ni sehemu ya masharti ya kazi, shahada yako ilete, uzoefu ulete, na ngozi yako ya kichwa. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono kwenye khanga, akazishika, akazipitisha vidoleni mpaka mwisho, haraka, zilivyoteleza vidole havikukuta kitu cha kushika, akasema, "Umependeza." Akarudi kwenye sinia lake. Basi. Jumatatu nikapanda lifti tena, wakaniuliza nimekuja na usafiri gani, wakaniuliza kama naishi mbali, maswali yakaishia hapo, "Any questions for us?" nikasema no, thank you, na mama wa miwani akatabasamu, akasema, "Umependeza," neno lilelile, mmoja amelisema kama amefiwa na mwingine kama amenunua kitu sokoni, "we will get back to you." Tangu hapo mimi ni mtu wa kusubiri simu. Kalenda yangu ni kichwa, kidole kimoja cha nywele mpya kikaota, sikukata, cha pili, sikukata, na chini zinaondoka, asubuhi ziko kwenye mto, mchana ziko kwenye bega la blauzi, jioni ziko kwenye sinki, vijiuzi vifupi vifupi, naota na kukatika kwa mwendo uleule, ukikutana nami barabarani unasema wewe hubadiliki, uko vilevile, na mimi nacheka, ndiyo, niko vilevile. Na ile chupa ya kupulizia mama anainyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, nywele zilizonyooka hazitaki maji, kwa hiyo maji yale yanakwenda kwenye shati langu jeupe la interview, analinyoosha kila wiki, kola, mikono, hata kama sijaitwa mahali, hajawahi kuniuliza wamesemaje, anapulizia tu, pss, pss, kila nikiisikia natamani nikae chini mbele yake na ninashindwa, ningekaa chini nimletee nini, wazee wake aliowatunza nimekwenda kuwachoma mwenyewe...

"...kesho asubuhi," binti anasema, "ndiyo maana nimekwambia lazima iwe leo, dada." "Interview? Hongera bwana! Wapi?" "Pale kwenye jengo la vioo, maabara, floor ya juu. Hii raundi ya pili. Ya kwanza wamenisifia vyeti, yule mama akaniambia tu nije presentable." Msusi anacheka, "Mama wa miwani? Huyo nimlipe kamisheni, ananiletea wateja huyo, si na wewe ulitokea hukohuko, dada msomi?" Simu imenitoka mapajani imeanguka, nimeinama kuiokota, niko chini ya meza ya kioo sehemu nywele za watu zilizokatwa zimesukumwa kwa mguu, za rangi zote, na damu imenijaa kichwani, nafasi ileile, floor ileile, kidogo ileile, kumbe bado wanaita, wanasifia vyeti, wanarudisha watu saluni, na mimi nimekaa na mkia wa panya naulinda nikidhani kuna faili lenye jina langu linasubiri sahihi... ninainuka. Hakuna faili. Binti ananitazama kwenye kioo, amepakwa mafuta kwenye kingo, paji linang'aa, na kwenye panda za uso nywele zake, Mungu wangu, ni nyepesi, laini za kitoto, zinapepea kwa feni, mtu amezitunza hizi, huwezi kufikisha nywele hizi mabegani hivihivi, kuna mtu mahali amekaa na vidole vyake na kuanzia chini. "Hizi amekutunzia nani?" namuuliza. "Bibi," anasema, anaona aibu kidogo, "yeye hataki hata nizichane." "Anajua umekuja?" Anacheka, anatazama viatu. Msusi anavaa glavu, anafungua kopo, anachovya brashi, harufu ile imenifikia, inaingia puani inatekenya koo, ngozi yangu ya kichwa imesisimka yenyewe, inakumbuka kuliko mimi. "Dada, eti inauma?" "Inachoma," nasema. Msusi ananikata jicho la kibiashara. "Anakutania huyo, hana adabu, ikichoma utasema, tunaosha." "Nitavumilia," binti anasema, "si kazi?" Si kazi. Nimwambie nini, nimwambie mdogo wangu inuka nenda nyumbani, na kama kazi ipo, na kama ni yake yeye, mimi ni nani nimkatie simu yake, hata mimi ningeambiwa ningesema huyo dada ana wivu, amekaa pale na kichwa nusu mbivu nusu mbichi anataka tuharibikiwe wote... na siyo mimi wa kumwambia. Siyo msusi, yeye anauza anachouza na alisema ikichoma sema. Siyo mama, mama alisema umependeza na kumeza yaliyobaki. Nimejilaumu mpaka nimekonda, nimesema ni mimi niliyekaa kwenye kiti, na ni kweli nilikaa, na nitalijutia hilo mpaka hizi za juu zipite bega tena, lakini nani aliniambia kuna kazi nikija nimejitengeneza? "Haya, huyu mafuta yake yakae kidogo," msusi amerudi nyuma yangu, amezishika tena, kwa vidole viwili, mkasi wazi, kwenye kioo ncha zinanitazama, shikamoo, haitikii mtu, "nakuuliza mara ya mwisho, mwanamke, nikate?" sijajibu, nitajibu, jibu liko kwenye ulimi, jioni nitakaa chini na mama ataishika tena ile chupa, lakini kwanza nyinyi, mama wa miwani, na wewe mzee wa kucheka puani, ambao saa hizi mko huko juu nyuma ya vioo vyenu, kopo liko wazi hapa, brashi imeshachovywa, namba ya huyu binti mnayo, mpigieni sasa hivi kabla haijamgusa, mwambieni nafasi ipo au haipo, na kama ina mwenyewe mtajieni huyo mwenyewe, na mkimaliza geuzeni karatasi zile mlizoziita excellent, yangu iko humohumo, namba ileile, sauti iko juu mpaka mwisho, nimekaa, nasikiliza, pigeni, semeni hapana.