Aliyefuta Miadi

Karani wa ofisi ya leseni aliitazama kompyuta yake, akamtazama Mama Breki, akairudia kompyuta.

"Leo huna mtihani, mama. Miadi yako imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Jana jioni."

Mama Breki akageuka. Nyuma yake alisimama mwalimu wake wa udereva, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, akizichezesha funguo za gari la shule. Mwalimu akainua mabega. Hata yeye hakuelewa.

"Jana jioni nilikuwa namwogesha mtoto wa mdogo wangu," Mama Breki akasema. "Sikugusa simu wala kompyuta."

Karani alikuwa mpole, lakini upole wa mtu mwenye foleni ndefu. Alieleza kwamba ofisi haifuti mitihani ya watu. Anayefuta huingia kwenye mtandao, akaandika namba ya maombi na tarehe ya kuzaliwa, basi. "Kwa hiyo kama si wewe, ni mtu anayeijua namba yako. Kaulize nyumbani." Akamwita mwingine.

Jina la Mama Breki alipewa na wauguzi wa hospitali ya kwao, alikoendesha gari la wagonjwa mpaka hospitali ilipofungwa. Walimwita hivyo kwa utani, maana breki ndicho kitu asichopenda kukikanyaga. Angemfikisha mama mwenye uchungu kwa njia yenye mashimo na mama huyo asijue kama kulikuwa na shimo. Hospitali ilipofungwa, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa ughaibuni miaka kadhaa, akampigia: "Dada, njoo huku. Utatusaidia na mtoto, halafu kazi utapata." Akaja. Kazi aliipata kweli, ila nusu. Kampuni moja inayowapeleka wazee kliniki ilimwahidi kiti cha dereva siku atakayoleta leseni ya nchi ile. Ile aliyotoka nayo ilimfaa miezi ya mwanzo tu. Alipohesabiwa mkazi, ilibidi akae darasani na vijana wasiojua hata klachi ni ya mguu gani, afanye mtihani upya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hakulalamika.

Namba ya maombi ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Nyumbani walikuwa watu wazima watatu: yeye, mdogo wake, na Wifi, mke wa mdogo wake. Wa nne alikuwa bado anatambaa.

Aliporudi alimkuta Wifi anapasi sare yake. Wifi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na hata nyumbani mikono yake haikupumzika na nguo.

"Umerudi mapema! Umefaulu?" Wifi aliuliza.

"Wamesema miadi imefutwa."

"Imefutwa? Jamani!" Wifi akaendelea kupasi. "Basi utajaribu tena, wifi yangu. Mtoto atafurahi, maana alikulilia asubuhi nzima."

Maneno yenyewe hayakuwa na ubaya. Ila Mama Breki aliyachukua, akaenda nayo chumbani, akayageuza upande huu na upande ule. Mtoto atafurahi. Nani hasa atakayefurahi? Bila yeye, mtoto angepelekwa kwenye kituo cha kulea, na vituo vya nchi ile havikuwa vya mchezo kwa gharama. Akakumbuka Wifi alivyowahi kucheka mezani: "Huyu akishapata leseni atatukimbia, mtaona." Kila mtu alicheka siku ile. Sasa kicheko kile kilikuwa na meno.

Jioni alimweleza mdogo wake. Huyu alikuwa dereva wa kusambaza mikate. Alitoka kabla ya jua na kurudi ananukia unga. Alimsikiliza dada yake huku akivua viatu.

"Kompyuta zao ndivyo zilivyo, dada. Usijipe presha. Nchi ya watu haina haraka." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila wifi yako juzi alikuwa analalamika, kwamba ukianza kazi mtoto tutamweka wapi. Mimi sisemi kitu."

Mtu asiyesema kitu alikuwa amesema yote. Mama Breki akalala na moyo mzito, akamkasirikia Wifi kimyakimya.

Aliomba miadi mingine, akaandikisha na simu yake ipate ujumbe. Safari hii aliiondoa karatasi kwenye friji mapema, lakini alikuwa amechelewa: namba ilikuwa ileile, na aliyeitaka alikuwa nayo. Siku mbili kabla ya mtihani simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Miadi yako imefutwa kama ulivyoomba. Alikuwa jikoni. Wifi alikuwa bafuni, na alikuwa ameingia na simu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ndogo ikawa na macho. Wifi akishika simu, Mama Breki alipita nyuma yake kuchukua kijiko asichokihitaji. Wifi akipiga stori na mashoga zake, yeye alizima bomba ili asikie vizuri. Siku moja aliinua mto wa Wifi akijiambia anatafuta soksi ya mtoto. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha kichwa tu. Alikirudisha kama alivyokikuta, akaona aibu, lakini aibu haikumzuia kufungua droo.

Kilichomchanganya ni kwamba Wifi mwenyewe alizidi kuwa mwema. Au alijifanya. "Usikate tamaa," alisema wakila. "Ukiipata tu, nakwenda kwa watu wa bima niwaandikishe nyote wawili kwenye gari langu. Gari liko nje linaota kutu, hotelini hakuna pa kuliegesha, na mimi peke yangu ndiye naruhusiwa kulishika."

Mdogo wake akapaliwa na chai. "Mimi sina haja," alisema alipopata pumzi. "Nina gari la kazini."

"La kazini linakupeleka wewe na mikate," mkewe akamjibu. "Sisi je?"

Mama Breki hakuyatilia maanani. Aliyemshuku alikuwa upande mwingine wa meza.

Mwalimu wa udereva ndiye aliyemfungua akili. Walikuwa wakifanya zoezi la kurudi nyuma kwenye uwanja wa maduka, na mwanafunzi akagonga koni ambayo hakuwahi kuigonga.

"Leo uko wapi?" mwalimu aliuliza. "Maana hapa haupo."

Akamweleza. Mwalimu alizima injini, akafikiri. "Tuanze upya kabisa. Fungua maombi mengine, namba mpya, ujumbe uje kwenye simu yangu. Kisha mwambie huyo unayemshuku, yeye peke yake, umpe na namba. Ikifutwa, umemjua. Isipofutwa, mwombe msamaha kimoyomoyo ufanye mtihani."

Wakafanya hivyo. Mama Breki akamwambia Wifi kama mtu anayemwamini shoga yake: nimepata tarehe nyingine, namba nimeiandika na kuificha ndani ya kopo la sukari la zamani, tusimwambie mtu, nisije nikapata mkosi.

"Mdomo wangu umeshonwa," Wifi akasema.

Wiki ikapita. Kila somo Mama Breki alimuuliza mwalimu kwa macho, na mwalimu alitikisa kichwa: hakuna ujumbe. Badala ya kufurahi, alianza kukosa raha. Mshukiwa mwenye subira ni wa kuogopwa zaidi. Labda alinusa mtego.

Mchana mmoja mdogo wake alipita nyumbani kula, akamkuta peke yake na mtoto.

"Vipi dada, ile leseni umeiacha?"

Huyu hata hakuwa kwenye hesabu zake. Mama Breki ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu. "Niiache wapi? Nina mtihani wiki ijayo. Namba nimeificha kwenye kopo la sukari, huyo mkeo asije akanifutia tena." Kwamba mkewe anayo tayari, hakumwambia.

"Umefanya vizuri," mdogo wake akasema. Akala, akanawa, akaomba chai.

"Sukari utie mwenyewe," dada akasema, akaenda kumbadilisha mtoto nepi.

Kesho yake asubuhi mwalimu alimpigia. Hakusalimia. "Imefutwa. Jana mchana."

Mama Breki alikaa kwenye kiti cha karibu. Wazo la kwanza lilikuwa bado lile la zamani: mdogo wangu amemwambia mkewe. Lakini wazo hilo halikusimama. Mkewe alikuwa na namba ile tangu wiki iliyopita, na jana mchana alikuwa kazini, ambako simu huachwa makabatini mpaka jioni. Aliyesimama jikoni na kopo la sukari alikuwa mwingine.

Akakumbuka mdogo wake alivyopaliwa na chai Wifi alipowataja watu wa bima, watu ambao huomba kwanza kuona leseni.

Siku ile mdogo wake alipopita tena kula, hakumwandalia chakula. Alimsubiri nje na mtoto kiunoni. Gari la mikate lilipoegeshwa, kwenye uchochoro wa nyuma kama kawaida, akafungua mlango wa abiria akaingia.

"Nionyeshe leseni yako."

Mdogo wake akacheka. "Umekuwa trafiki?"

"Nionyeshe."

Kicheko kikamwisha polepole. Akatoa pochi, akatoa kadi. Picha ilikuwa ya mtu mwenye paji la uso kama lake, mashavu kama yake, lakini hakuwa yeye. Mama Breki aliujua uso wa mdogo wake tangu ulipokuwa saizi ya ngumi.

"Ni nani huyu?"

"Mtu niliyefanya naye kazi. Alirudi kwao, akaniachia." Alizungumza akitazama usukani. Alisema alifeli mtihani, akafeli tena, na kila alipofeli alirudi nyumbani akisema bado hawajampa tarehe. Ilipokuja nafasi ya kusambaza mikate, mkate una haraka, bosi hakuangalia picha mara mbili. Mkewe siku moja akaona anaendesha, akamkumbatia kwa furaha. "Ningemwambia nini? Alishafurahi."

"Na mimi je? Mtihani wangu ulikukosea nini?"

"Bima, dada. Ukiipata tu, anakwenda bima. Watataka leseni za wote, pale pale mbele yake. Nilitaka muda kidogo tu, nijaribu tena."

"Ukaniacha nimshuku mkeo."

Mdogo wake akairudisha kadi kwenye pochi.

"Hukuniacha tu. Ulinisukuma." Mtoto akaanza kuchezea kitufe cha redio, wala hakuna aliyemzuia. "Unajua nimebeba watu wangapi waliogongwa na madereva wenye kadi za kuazima? Wengine niliwafunika mwenyewe. Nawe unataka kuua mtu kwa ajili ya mkate?"

"Sijawahi kumgonga mtu."

"Wote husema hivyo kabla." Akachomoa funguo. "Hili gari haliondoki hapa nawe. Mpigie bosi wako, mwambie aje alichukue. Na jioni utamwambia mkeo. Wewe, kwa kinywa chako. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kupunguza maneno."

Mdogo wake alilia kidogo, kilio cha mwanaume anayejifuta haraka. Kisha akapiga simu.

Jioni Wifi alisikiliza yote akiwa amesimama, begi bado begani. Walitarajia kelele. Hakupiga kelele. Alimuuliza mumewe kama bosi ataripoti polisi. Mumewe akasema bosi amemfukuza kwenye gari, na kwa kuwa hataki mambo yake yachunguzwe, amemwambia akitaka aje kufunga mikate ndani. Wifi akatikisa kichwa kama anayehifadhi jambo kwa siku nyingine. Halafu akamgeukia Mama Breki.

"Na wewe wifi, kopo la sukari lilikuwa mtego wangu?"

Mama Breki angeweza kudanganya. Alikwisha kuchoka na uongo wa nyumba ile, na mwingi ulikuwa wake.

"Lilikuwa lako."

"Na droo yangu?"

"Mimi."

Wifi alishusha begi. "Nilijua mtu amefungua. Nilidhani ni huyu, kwamba ana mwanamke ananitafutia sababu. Siku zile zote nikiingia bafuni na simu nilikuwa namlilia mama yangu." Akaenda kumchukua mtoto. Hakuna aliyemfuata.

Mtihani ulifanyika baadaye, bila kufutwa. Mtahini alikuwa mwanaume mkimya anayeandika bila kukunja uso, na Mama Breki, ambaye sasa alishuku hata kivuli, aliamini amefelishwa tangu walipotoka langoni. Kwenye njia panda mtahini alisema, "Tafuta pa kugeukia kulia." Mtaa wa kwanza kulia ulikuwa na alama ya kukataza kuingia. Huyu ananitega. Akaupita, akageuka mtaa uliofuata. Mtahini akaandika. Waliporudi alisema tu, "Unaendesha kama mtu aliyebeba yai. Umefaulu," akashuka.

Alipata kazi yake ya wazee. Mtoto akapelekwa kituo cha kulea, na mdogo wake, baada ya kufunga mikate, alianza masomo ya udereva kwa mwalimu yuleyule mfupi, aliyempigia kelele bila huruma. Wifi naye alikwenda bima akamwandikisha mtu mmoja.

Asubuhi ya kwanza ya mvua, Mama Breki alitoa gari la nyumbani kumpeleka Wifi hotelini. Alimfungulia mlango wa mbele. Wifi akaupita, akafungua wa nyuma, akakaa na begi mapajani kama abiria wa kukodi. Mama Breki alimwona kwenye kioo akitazama maduka yanavyofunguliwa, uso wake hausomeki.

Mbele ya hoteli Wifi aliteremka, akafunga mlango taratibu, akatembea hatua chache kwenye mvua. Halafu akarudi, akagonga dirisha. Mama Breki akalishusha.

"Kesho tuwahi kidogo," Wifi akasema. "Leo nimechelewa."

Akaingia ndani.